Elverum, mji ambao Septemba yake hunukia baruti na kahawa

Ukitoka Oslo, mji mkuu wa Norwei, ukashika barabara namba 3 kuelekea kaskazini, msitu unaanza mapema na hauishi. Misonobari kulia, misonobari kushoto, mto Glomma unaonekana na kupotea katikati ya miti. Ni barabara ya kusinzisha. Baada ya saa tatu hivi za mwendo, kwenye kituo cha mapumziko katika wilaya ya Stor-Elvdal, ghafla kinatokea kitu kinachong'aa kama kijiko kipya: sanamu la mnyama mwenye mapembe mapana, limetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, urefu wake mita 10.3.

Lilitengenezwa na msanii Linda Bakke na likazinduliwa mwaka 2015. Nia yake ni ya kawaida kabisa: dereva aliyechoka alione, asimame, ashuke na watoto, apige picha, kisha aendelee akiwa macho. Kwa miaka michache lilikuwa ndilo refu kuliko yote ya aina hiyo duniani, mpaka mwaka 2019 watu wa mji wa Moose Jaw nchini Kanada walipoliongezea lao mapembe mapya ili warudishe sifa. Watoto wakisimuliwa kisa hicho hucheka sana. Watu wazima wa nchi mbili kushindana kwa mapembe!

Mnyama mwenyewe Wanorwei humwita elg, na hapa ataitwa elki. Ni mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu wenye mapembe yanayoanguka kila mwaka. Dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 500, na miguu yake ni mirefu mno. Gari dogo likimgonga hukata miguu, na mwili wote huja juu ya kioo cha mbele. Ndiyo sababu barabarani kuna vibao vyenye picha yake.

Saa moja kusini mwa sanamu lile ndipo ulipo Elverum, mji ulio katika wilaya ya wakazi elfu ishirini na kitu, kando ya Glomma. Kila Agosti mji huu hufanya siku za uwindaji na uvuvi ambazo hukusanya watu kutoka nchi za jirani. Una jumba la makumbusho ya misitu, uwindaji na uvuvi lililoanzishwa mwaka 1954. Ni mahali pazuri pa kwenda na watoto, maana kuna samaki hai, wanyama waliokaushwa na madaraja ya kuvukia hadi visiwa vya katikati ya mto. Ila anayetaka kuujua mji huu vizuri aende jioni ya mwisho wa Agosti kwenye uwanja wa shabaha.

Jioni moja ya aina hiyo, kwenye benchi la mbao nyuma ya mstari wa kulengea, alikaa mama mmoja mwenye kitenge na koti la baridi juu yake. Alikuwa amevaa viziba masikio vikubwa vya rangi ya njano. Mbele yake, kifudifudi kwenye mkeka wa mpira, alilala mwanawe wa miaka 17 akiwa ameshika bunduki. Kando ya kijana alipiga magoti mzee wa Kinorwei, jirani yao, mwenye umri wa miaka sabini na kitu.

Mama huyo anatoka Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Alivuka ziwa akiwa msichana, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, akamzalia mwanawe humo, kisha wakapelekwa Norwei pamoja na familia nyingine za Wakongo. Nchi hiyo huwasambaza wakimbizi hadi kwenye wilaya ndogo za ndani, na wao bahati yao ikaangukia bonde la Glomma. Ndiyo maana leo unaweza kusikia Kiswahili kwenye foleni ya duka la chakula, katikati ya misonobari.

Kwa miaka mitatu ya mwanzo, ikifika Septemba na milio ikaanza kusikika milimani, mama alikuwa akifunga madirisha na kuwaita watoto ndani. Alijua ni wawindaji. Kujua hakukuzuia mwili kutetemeka.

Sasa mwanawe alikuwa ameleta karatasi ya kutiwa saini.

Karatasi ya mzazi

Norwei hairuhusu mtu kuingia msituni na bunduki kwa sababu tu anayo. Tangu mwaka 1986 kila anayeanza kuwinda lazima apite mtihani wa uwindaji. Kabla ya mtihani kuna mafunzo ya saa 30: kuwatambua wanyama na ndege, sheria, usalama, namna ya kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa, namna ya kutunza nyama. Mtihani una maswali 50, na anayetaka kupita lazima apate 40 au zaidi. Kuwinda wanyama wakubwa peke yako kunahitaji miaka 18. Kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kwenda kujifunza, lakini awe na msimamizi mtu mzima mwenye uzoefu pembeni yake, na mzazi akubali kwa maandishi.

Kijana alikuwa amekwisha kupita ule mtihani wa maswali. Darasani kwake nusu ya wenzake wana baba au mama anayewinda, na huko shuleni wiki ya kwanza ya msimu watu hawazungumzi jambo jingine. Yeye alikuwa anasikiliza tu. Mzee jirani, ambaye watoto wa mama yule humwita babu kwa sababu mama aliwaambia hivyo, alimwambia akitaka atamfundisha.

"Baba," mama alimwambia mwanawe, kwa jinsi kina mama wa kwao wanavyomwita mtoto wa kiume, "kile kitu ndicho tulikimbia."

Kijana hakubishana. Aliiacha karatasi mezani, na mezani ilikaa wiki mbili.

Kumdhania mama huyu kuwa ni mshamba ni kosa. Wanorwei wenyewe wana kidonda chao. Tarehe 22 Julai 2011 mtu mmoja aliua watu 77, wengi wao vijana waliokuwa kambini katika kisiwa cha Utøya, na bunduki ya nusu otomatiki aliyotumia alikuwa ameinunua kihalali kwa maelezo kwamba anawinda. Sheria ya silaha iliandikwa upya baada ya hapo. Bunduki nyumbani lazima ikae kwenye kabati la chuma lililoidhinishwa, likiwa limefungwa, na polisi wana haki ya kuja kulikagua. Mzazi wa Elverum anayemruhusu mwanawe kujifunza anayajua hayo yote. Hakuna anayelichukulia jambo hili kama kumnunulia mtoto baiskeli.

Mama alikwenda kwa mzee na kuomba aonyeshwe kabati. Mzee akamwonyesha. Akamwonyesha pia kwamba kile kipande cha katikati cha bunduki, ambacho bila hicho haiwezi kufyatua, anakiweka mahali pengine. Mama akauliza funguo zinakaa wapi. Mzee akacheka, akasema hata mke wake hajui. Mama hakucheka. Alirudi nyumbani akatia saini, lakini kwa sharti: yeye mwenyewe angekuwepo uwanjani kila jioni.

Jicho gani linatawala?

Somo la kwanza halikuhusu bunduki hata kidogo. Mzee alimwambia kijana anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja na kuacha tundu dogo kati yake, kisha atazame kupitia tundu hilo ncha ya mlingoti wa bendera. Halafu afumbe jicho moja, kisha jingine. Jicho likifumbwa na mlingoti ukabaki mahali pake, basi lililo wazi ndilo linalotawala. Likifumbwa na mlingoti ukaruka nje ya tundu, hilo lililofumbwa ndilo lenye mamlaka. Watu wengi wa mkono wa kulia wana jicho la kulia, lakini si wote. Mzazi anaweza kujaribu na wanawe sebuleni, hakuna hatari yoyote, na mara nyingi ndani ya nyumba moja majibu hutofautiana.

Kijana alikuwa wa kulia kwa vyote. Mama naye alijaribu pale kwenye benchi, akagundua jicho lake ni la kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kutabasamu mahali pale.

Somo la pili lilikuwa la bunduki ndogo yenye risasi nyembamba, isiyo na darubini. Ina kijiti kidogo mbele, mwishoni mwa mtutu, na nyuma karibu na jicho ina kipande cha chuma chenye mfereji. Kazi ni kukiweka kijiti katikati ya mfereji, kisha kukiweka chini ya shabaha. Maelezo yanatosha mstari mmoja, utekelezaji unachukua miezi. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Lazima lichague. Anayeanza huchagua shabaha, kwa sababu ndiyo anayoitaka, na risasi zake husambaa. Mzee alimfundisha kuchagua kijiti cha mbele: kijiti kiwe kikali kama sindano, shabaha iwe na ukungu. Ni jambo gumu kuliamini.

Klabu za shabaha za Norwei ni za zamani. Chama chake cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1893, wakati nchi ilikuwa bado chini ya mfalme wa Sweden. Watoto wa shule wanaokuja hapo jioni hulenga karatasi, si wanyama, na wengi wao hawatawinda maishani. Historia ya Elverum nayo ina sehemu yake. Wajerumani walipoivamia nchi mwaka 1940, mfalme Haakon wa Saba, serikali na bunge walikimbilia bonde hili. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Aprili kikosi cha Wajerumani kikaja kwa mabasi waliyoyateka, nia yao kumkamata mfalme. Huko Midtskogen, magharibi kidogo mwa mji, walingojewa barabarani na askari wa gadi ya mfalme pamoja na wanaume wa klabu za shabaha za mtaani. Mkuu wa kikosi kile alijeruhiwa na kufa, wenzake wakageuza mabasi. Mfalme hakukamatwa. Mama alipotafsiriwa habari hiyo na mwanawe alikaa kimya kidogo, kisha akauliza wanawake na watoto walikuwa wapi usiku ule. Mzee akajibu walikuwa wamekimbilia mashambani kwenye theluji. Siku moja baadaye ndege zilikuja zikauchoma mji.

"Basi mnajua," mama akasema.

Mtetemo ndani ya darubini

Kwa ajili ya elki kijana alipewa bunduki kubwa yenye darubini. Wengi hudhani darubini humfanya mtu kuwa hodari. Inachofanya hasa ni kuliondolea jicho ile kazi ya kuchagua: msalaba mwembamba na shabaha vinaonekana pamoja, vyote vikali. Wazee ambao macho yao hayawezi tena kukiona kijiti cha mbele huiheshimu kwa sababu hiyo.

Ila darubini inakuza pia udhaifu. Kijana alipotazama mara ya kwanza, msalaba ulikuwa unacheza juu ya karatasi kama nzi. Akadhani darubini mbovu. Kumbe ni mapigo ya moyo wake na pumzi yake, ambavyo vilikuwepo siku zote. Mzee akampunguzia ukuzaji hadi chini. Msituni, alimweleza, ukiweka ukuzaji mkubwa na mnyama akatokea mita 40, utaona manyoya tu na hutajua ni bega au paja. Akamwonya pia asikaribishe jicho mno. Lazima pabaki nafasi ya upana wa kiganja, la sivyo bunduki ikirudi nyuma ukingo wa darubini utampasua nyusi. Uwanjani pale kuna watu wazima watatu wenye kovu hilo la nusu mwezi, na hakuna anayependa kuulizwa.

Kuilinganisha darubini kulichukua jioni nzima. Risasi tatu kwanza, bila kugusa chochote, kisha kwenda kutazama. Tundu zote tatu zilikuwa karibu karibu, zingefunikwa na kikombe cha kahawa, lakini zilikuwa sentimeta nane kushoto. Kijana akahuzunika. Mzee akafurahi. Tundu zilizo pamoja mahali pasipo sahihi ni kosa la darubini, na darubini ina skrubu mbili: kila mlio mmoja wa skrubu huhamisha risasi sentimeta moja kwa umbali wa mita 100. Milio minane kulia, basi. Tundu zilizotawanyika ni kosa la mpigaji, na hizo hazina skrubu.

Kisha wakaacha mtutu upoe, kwa sababu mtutu wa moto hubadili njia ya risasi, wakanywa kahawa.

Halafu kuna lile la kushuka. Risasi haiendi moja kwa moja kama taa. Kila mtoto aliyewahi kupopoa embe anajua jiwe hulengwa juu kidogo ya embe. Risasi ni vivyo hivyo, isipokuwa mwendo wake, karibu mita 800 kwa sekunde, hufanya mpindo uwe mdogo. Kwa bunduki ile mzee alipanga risasi ipige sentimeta nne juu ya msalaba kwa mita 100, ili irudi kwenye msalaba karibu na mita 180. Zaidi ya hapo huanguka kwa haraka, na zaidi ya hapo mzee hataki kijana afikirie kabisa.

Risasi isiyo na baruti

Kila mwaka, kila mwindaji wa wanyama wakubwa Norwei, hata awe amewinda miaka 50, lazima apige risasi 30 za mazoezi uwanjani, kisha afanye jaribio: risasi tano kwenye picha ya mnyama kwa umbali wa mita 100, na zote tano ziingie ndani ya duara la sentimeta 30. Si nne. Tano.

Duara hilo limewekwa mahali pa moyo na mapafu, nyuma ya mguu wa mbele. Risasi ikipita hapo mnyama hufa kwa muda mfupi. Ikipita nyuma zaidi, tumboni, anaweza kutembea kwa saa nyingi. Ikimvunja taya, atakufa kwa njaa. Mzee alimweleza kijana haya bila kupunguza, na mama alitaka yatafsiriwe yote.

Kijana alipiga nne ndani. Ya tano ilikwenda chini, nje ya duara kwa upana wa vidole vitatu.

Hakukatazwa kurudia, lakini mzee alimtoa mstarini. Kesho yake jioni akaja na risasi bandia, za ukubwa uleule lakini hazina baruti, akawa anazichanganya na za kweli bila kijana kuona. Kijana akalenga, akavuta triga. Haikulia. Na wote waliona: mtutu ulitikisika na kuinama chini kabla hata ya kitu chochote kutokea. Mwili wake ulikuwa unaungojea mshindo. Bega lilisukuma mbele, jicho lilifumba, mkono ulikaza. Katika risasi nne za kwanza mwili haukuwa umechoka. Katika ya tano hofu ikamzidi.

Mama alisimama kwenye benchi. Alilitambua lile tetemeko. Lilikuwa lake mwenyewe, la kila Septemba nyuma ya madirisha.

Akamwendea mwanawe, akapiga magoti kwenye mkeka, akamwekea mkono mgongoni, kati ya mabega. Mzee akasogea. Dawa ya hofu hiyo, alieleza, ni pumzi: vuta, toa nusu, baki hapo, kisha vuta triga polepole sana hivi kwamba mlio wenyewe ukushtue. Usiamue saa ya mlio. Mama akawa anahisi pumzi kwa kiganja chake. Ikiwa haijatulia anagonga mara moja, na kijana anaondoa kidole kwenye triga na kuanza upya. Walifanya hivyo mpaka giza likaingia, nyingi zikiwa risasi bandia. Siku ya tatu mtutu uliacha kuinama.

Wiki iliyofuata tundu tano ziliingia. Mbili ziligusana.

Tarehe 25 Septemba

Msimu wa elki huanza tarehe 25 Septemba. Alfajiri hiyo nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi na majani ya miti ya mbetula yalikuwa ya dhahabu. Kikundi kilikuwa cha watu wanane, wakiwemo wanawake wawili, wote na kofia za rangi ya machungwa. Kila eneo hupangiwa idadi ya wanyama kwa mwaka, ndama wangapi, majike wangapi, madume wangapi, na kiongozi alizisoma idadi hizo kwa sauti kabla ya kumpanga kila mtu mahali pake. Mbwa, wa kijivu na mkia uliojikunja, alivalishwa mkanda wenye kifaa cha kuonyesha alipo. Sheria inataka pia pawe na mbwa aliyefuzu kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa. Bila mbwa wa aina hiyo hawaruhusiwi kuanza.

Kazi ya kuwinda elki ni kukaa. Kijana na mzee walikaa kwenye kisiki saa mbili na nusu, mgongo kwa mgongo na baridi. Mzee hakubeba bunduki.

Ilipofika saa nne kasoro, mbwa akaanza kubweka mbali. Kisha matawi yakavunjika, na elki akatoka juu ya kilima kidogo mita 70 mbele yao. Dume changa. Akasimama ubavu, masikio yakizunguka. Elki haoni vizuri, lakini husikia na kunusa kila kitu. Kijana aliinua bunduki, msalaba ukakaa nyuma ya mguu wa mbele, na safari hii haukucheza. Pumzi nusu.

Akabaki hapo. Kisha akaondoa kidole.

Elki akageuka, akashuka upande wa pili kwa hatua zake ndefu, akaisha.

Mzee alimuuliza kwa sauti ya chini, "Nyuma yake ulikuwa unaona nini?"

"Mbingu."

"Basi."

Risasi ya bunduki ile ikikosa, au ikimpita mnyama ikatoka upande wa pili, inaweza kuruka kilomita kadhaa kabla ya kuanguka. Lazima nyuma ya mnyama pawe na udongo. Baada ya mbwa kupita walipanda pale juu aliposimama elki. Upande wa pili, chini bondeni, kulikuwa na kibanda chenye paa jekundu na moshi ukitoka.

Kijana alikaa chini kwenye nyasi. Alikuwa na hasira, na machozi yalikuwa karibu. Mzee akafungua chupa ya kahawa na kumwagia kikombe, akatazama mahali pengine.

Karibu na adhuhuri mlio mmoja ulisikika upande wa mto, halafu redio ikasema: jike bila ndama, amepigwa, amekimbia. Ilibidi wote wangoje. Elki aliyepigwa mapafuni mara nyingi hakuonyeshi lolote, hukimbia mita 50 au 100 kama mzima. Mwanamke aliyepiga alisimama palepale bila kuondoka mahali pake, uso umempauka, ingawa ana uzoefu wa miaka 20. Mbwa alifungwa kamba, akafuata harufu. Baada ya dakika ishirini wakamkuta mita 90 ndani ya kichaka. Amekufa.

Huo ndio wakati pekee ambapo mama, aliyekuwa nyumbani na simu mkononi, alipokea ujumbe. Uliandikwa: "Mama tuko salama. Mimi sijapiga. Nyama ipo."

Kijana alifundishwa kuchuna siku hiyo. Hilo alilijua zaidi kuliko wenzake. Kambini alikuwa akimsaidia mjomba wake kuchuna mbuzi, na mzee alisimama pembeni akitazama kisu kinavyokwenda.

Nyama haikuletwa nyumbani. Ilitundikwa kwenye banda baridi la kikundi, maana hapa hawapiki elki wa jana. Huhesabu joto: kila siku unaongeza nyuzi za joto za siku hiyo, na jumla ikifika 40 nyama imelainika. Banda likiwa nyuzi 5, ni siku nane. Likiwa nyuzi 4, ni kumi. Kila jioni baada ya shule kijana alipita bandani, akasoma kipimajoto, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Mama alikuwa ameshatoa sombe kwenye friza na kuulizia sufuria kubwa kwa jirani yao wa Bukavu.

"Baba, imefika ngapi?"

"Ishirini na tisa, Mama."

"Na leo ni nyuzi ngapi?"

"Nne."

Akahesabu kwa vidole, akarudisha sombe kwenye friza.